Rayners Lane, Harrow, Pinner: reli iliwafuata watu au watu waliifuata reli?

BintiKorogwe

Habari zenu wadau. Nina swali linalonisumbua tangu nihamie Rayners Lane, huku kaskazini-magharibi mwa London. Mimi ni nesi, na zamu za usiku zinanifanya nirudi nyumbani asubuhi wakati wenzangu wanatoka, kwa hiyo naona vizuri jinsi mtaa mzima unavyomiminika kuelekea stesheni. Nyumba ni zile zile, barabara hadi barabara: mbili zinagawana ukuta mmoja, paa lenye pembe, dirisha limechomoza mbele, bustani ndogo na uzio wa miti iliyokatwa vizuri. Maduka yote yamejibana jirani na stesheni. Ukishaingia ndani ya mitaa hupati hata pa kununua mkate.

Jirani yangu, bibi mmoja Mwingereza, ameniambia mtaa huu umeletwa na treni. Nilipomdadisi akasema wazazi wake walinunua nyumba baada ya kusoma kijitabu cha kampuni ya reli. Hapo ndipo aliponiacha njia panda. Kampuni ya reli inauzaje nyumba? Nilivyojua mimi, reli hupelekwa pale ambapo watu tayari wapo. Mwenye kuijua historia hii anieleze tafadhali.

Chalii_wa_Leeds

Dada, hayo ni mambo ya magari. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia watu walipata magari, wakahama katikati ya mji kutafuta hewa safi. Treni ilikuwa inapita hapo tu.

Mzee_Pinner

Karibu Harrow, mwanangu. Nimefanya kazi kwenye stesheni za laini ya Metropolitan hadi nikastaafu, na naishi Pinner, jirani na kwako. Nivumilie, nitakwenda kwa kirefu.

Chalii, nakupinga kwa heshima. Nyumba za Rayners Lane nyingi ni za miaka ya 1930, na karani wa kawaida wa miaka ile hakuwa na gari. Baba alikwenda kazini kwa treni, mama alikwenda dukani kwa miguu. Ndiyo maana maduka yako pale pale stesheni: muuza nyama na muuza magazeti walitaka kukaa mahali ambapo kila mtu atapita asubuhi na jioni.

Sasa swali lenyewe. Huku kwetu reli ilitangulia, tena kwa miaka mingi. Metropolitan Railway ilifunguliwa tarehe 10 Januari 1863, kutoka Paddington hadi Farringdon, na ndiyo reli ya kwanza ya abiria ya chini ya ardhi duniani. Vichwa vya treni vilikuwa vya mvuke, moshi ukiwa humo humo handakini. Mtu aliyeipigania kuliko wote alikuwa Charles Pearson, mwanasheria wa Jiji la London. Aliona vibarua na mafundi wamebanana kwenye vyumba vibovu karibu na kazi zao kwa sababu hawakuwa na namna nyingine ya kufika kazini, akasema wakipewa treni ya nauli nafuu wataweza kuishi nje ya mji, kwenye nyumba yenye nafasi na bustani. Alifariki Septemba 1862, miezi minne kabla treni ya kwanza haijapita.

Njia ile ya mjini ilipata abiria wengi, lakini ilikuwa fupi, na wenye hisa walitaka zaidi. Mwaka 1872 uenyekiti ukachukuliwa na Edward Watkin, mtu mwenye ndoto kubwa kupita kiasi. Alitaka treni itoke Manchester, ipite London, izame chini ya bahari na kutokea Ufaransa. Kwa sababu hiyo aliisukuma reli kaskazini-magharibi, mashambani: Willesden Green 1879, Harrow 1880, Pinner 1885, Rickmansworth 1887, hadi Aylesbury 1892. Jiulize Pinner ya 1885 ilikuwa na nini. Ilikuwa na kanisa kongwe kilimani, barabara moja ya maduka, na mashamba ya majani makavu ya kulisha farasi wa London. Abiria wa kujaza treni kila siku hawakuwepo. Ilibidi watafutwe, na njia ya kuwapata ilikuwa kuwajengea pa kuishi.

Hapa ndipo penye kiini, na watu wengi hawapajui. Sheria ya Bunge ya mwaka 1845 iliitaka kampuni ya reli iliyonunua ardhi kuliko inavyohitaji iiuze ile ya ziada ndani ya miaka 10 baada ya njia kukamilika. Bunge halikutaka kampuni zilizopewa nguvu ya kulazimisha watu kuuza mashamba zigeuke kuwa mabwana wa ardhi. Metropolitan peke yake ilifaulu kuingiza katika sheria zake vifungu vilivyoiruhusu kubaki na ardhi, kuikodisha kwa wajenzi kwa miaka mingi na kukusanya kodi yake. Miaka ya 1880 ikaanza kujenga Willesden, kisha Cecil Park hapa Pinner, umbali wa kutembea kutoka stesheni. Nyumba za Cecil Park ni kubwa na nzuri sana. Zilijengwa kwa ajili ya watu wenye uwezo, si kwa mafundi wa Pearson.

Mwaka 1905 treni za umeme zikafika Harrow na Uxbridge. Moshi ukaisha, safari zikawa za haraka, na treni ikaweza kusimama kwenye stesheni ndogo nyingi bila kupoteza muda. Mwaka 1908 akaja meneja mkuu Robert Selbie, na kwa maoni yangu huyu ndiye aliyekujengea mtaa wako, ingawa jina lake halijulikani kama la Watkin. Selbie alielewa kwamba mwenye nyumba ni abiria wa miaka yote. Ukimuuzia mtu kiwanja unapata fedha mara moja, lakini kuanzia hapo atanunua tiketi ya mwezi au ya mwaka mpaka astaafu, mke atakwenda mjini kununua nguo, watoto watapanda treni kwenda shule, na makaa ya mawe ya kupasha nyumba joto yatashushwa kwenye yadi ya stesheni hiyo hiyo. Kwa wakubwa waliokaa mbali, kampuni iliweka mwaka 1910 mabehewa mawili ya kifahari, Mayflower na Galatea, mtu anakunywa chai ya asubuhi mezani huku anaelekea ofisini, na usiku anakula akitoka kuangalia mchezo wa kuigiza.

Mwaka 1915 idara ya matangazo ilibuni jina: Metro-land. Ndicho kijitabu alichokitaja jirani yako. Kilichapishwa kila mwaka hadi 1932, kikiuzwa kwa senti chache, kikiwa na picha za mashamba, maua na nyumba zenye mbao nyeusi ukutani mithili ya vijiji vya zamani, pamoja na orodha ya viwanja na nauli. Mwaka 1919 ikaundwa kampuni ya kuendeleza ardhi, Metropolitan Railway Country Estates, iliyosimama kisheria kando ya reli ingawa walifanya kazi bega kwa bega. Wakati ule askari walikuwa wanarudi vitani na nchi haikuwa na nyumba za kutosha.

Stesheni yako ilifunguliwa mwaka 1906 katikati ya mashamba, na ilikuwa kituo kidogo cha mbao kinachopigwa na upepo. Kwa zaidi ya miaka 20 karibu hakuna kilichobadilika. Kisha kuanzia 1929 kampuni ya ardhi ikapima ekari zaidi ya 200 kaskazini mwa reli, ikapaita Harrow Garden Village. Kusini mwa reli mjenzi T. F. Nash akajaza nyumba za bei ya chini zaidi. Mwaka 1930 abiria wa Rayners Lane walikuwa 22,000 kwa mwaka mzima. Mwaka 1937 walifika milioni 4.

Soma tena namba hizo mbili. Kituo ni kile kile, reli ni ile ile, na katikati ni miaka saba.

BintiKorogwe

Shikamoo mzee, asante sana. Nimesoma mara mbili. Sasa umeniachia swali jingine. Huyu Pearson alitaka treni kwa ajili ya mafundi na vibarua. Umesema Cecil Park ilikuwa ya wenye uwezo, na Rayners Lane ilijengwa miaka mingi baadaye kwa ajili ya makarani. Wale aliowapigania walipata nini? Nauliza kwa sababu wasafishaji na wapishi tunaofanya nao kazi hospitalini karibu wote wanakaa mbali na wanapanda basi mbili usiku.

Mzee_Pinner

Marahaba mwanangu. Umeuliza jambo ninalolijali sana.

Metropolitan ilianza treni za wafanyakazi mapema, mwaka 1864, alfajiri, kwa nauli ndogo. Lakini kampuni haikujenga viunga vyake kwa ajili yao. Ukitaka kuona walikokwenda, ondoka huku kwetu uende upande wa pili wa London: Walthamstow, Edmonton, Tottenham.

Kule reli ilikuwa ya Great Eastern. Kampuni hiyo ilitaka kuingiza njia zake hadi ndani ya mji, kwenye stesheni mpya ya Liverpool Street, na ili kufika hapo ilibidi ibomoe nyumba za maskini kwa maelfu. Bunge likaikubalia mwaka 1864 kwa sharti: lazima iendeshe treni za wafanyakazi kutoka Edmonton na Walthamstow, kwenda na kurudi kwa peni 2. Wengi waliobomolewa hawakufidiwa nyumba, walifidiwa nauli, na hata hiyo iliwafaa zaidi wale wenye kazi ya kudumu kuliko kibarua wa kutwa ambaye hajui kesho atafanya kazi wapi.

Hata hivyo nauli ile ilibadilisha ramani. Walthamstow ilikuwa na watu kama 11,000 mwaka 1871. Mwaka 1901 walikuwa karibu 95,000. Wajenzi walipanga nyumba ndogo za safu, mlango kwa mlango, kwa sababu walijua mpangaji atakayekuja ni fundi mwenye tiketi ya peni 2, na kodi atakayoweza kulipa ni kiasi fulani, si zaidi. Mwaka 1883 Bunge likapitisha sheria ya treni za bei nafuu ili kampuni nyingine nazo zibanwe.

Na treni yenyewe ilikuwa na ugumu wake. Tiketi ya bei rahisi ilikuwa ya treni za alfajiri tu. Wasichana waliofanya kazi viwandani na kwenye maduka walishuka Liverpool Street mapema sana, milango ya kazini ikiwa imefungwa, wakazurura barabarani kwenye baridi. Kanisa la All Hallows London Wall, karibu na hapo, likawafungulia milango wakae ndani hadi saa ya kazi ifike.

Kwa hiyo unaweza kusema ndoto ya Pearson iligawanywa. Nyumba yenye bustani ilikwenda kaskazini-magharibi, kwa wenye mshahara wa mwezi na uwezo wa kukopa. Nauli ya chini ilikwenda kaskazini-mashariki. Mimi nimefanya kazi na wasafishaji wa treni waliokuwa wanatoka nyumbani kabla treni ya kwanza haijaanza, na siku zote niliona mambo haya mawili yalipaswa kuja pamoja. Nauli bila nyumba nzuri ni nusu ya kitu, na nyumba nzuri isiyofikika kwa nauli yako si yako.

MamaShah_Kenton

Hamjambo nyote. Naomba kuongeza kipande changu, kwa maana hizi nyumba tumeishi sisi.

Baba yangu alikuwa karani wa East African Railways and Harbours pale Nairobi. Tulikuja Uingereza mapema 1968, watu wakiwa wanakimbilia kuingia kabla sheria mpya ya uhamiaji haijapita mwezi wa tatu. Tulifikia kwa mjomba huko Wembley, chumba kimoja familia nzima. Baada ya miaka kadhaa baba akanunua nyumba Kenton, zile zile unazozisema, nyumba mbili ukuta mmoja. Alipoulizwa kwa nini hapo, alijibu kama mtu wa reli: stesheni iko karibu, treni ni za mara kwa mara, na maduka yako barabarani mbele ya stesheni. Baadaye, Waasia wa Uganda walipofukuzwa mwaka 1972, wengi walifuata jamaa zao huku huku.

Yale maduka ya chini yenye makazi juu, yaliyojengwa kwa ajili ya muuza nyama na muuza magazeti Mwingereza, ndiyo watu wetu walipoanzia biashara. Unafungua chini, unalala juu, na abiria wanaotoka kwenye treni jioni wanapita mlangoni. Ukipita Ealing Road pale Wembley, ukasimama kwenye duka la viungo, usishangae mzee wa Kigujarati akikuuliza "unataka nini, mama?" kwa Kiswahili safi cha Kisumu.

BintiKorogwe, Kenton ni jirani yako. Njoo siku ya mapumziko nikupikie mogo.

BintiKorogwe

Mama Shah, nitakuja, na nitaleta nazi ya kukuna. Sikujua kabisa kwamba hadithi hii inafika hadi reli ya kwetu.

Mzee_Pinner

Mama Shah umenikumbusha Wembley. Watkin alinunua viwanja pale akaanza kujenga mnara ambao ungeupita ule wa Eiffel wa Paris, ili watu wapande treni kwenda kuushangaa. Ngazi ya kwanza tu ndiyo iliyokamilika, kama mita 47, ardhi ikaanza kulegea chini ya misingi, na mwaka 1907 ukabomolewa kwa baruti. Pale pale ukajengwa uwanja wa mpira wa 1923, na mwaka uliofuata yakafunguliwa maonyesho makubwa ya himaya ya Uingereza, ambako hata Afrika Mashariki ilikuwa na banda lake. Watu takribani milioni 27 walifika katika miaka miwili. Wengi wao walipita kwenye treni, wakachungulia dirishani na kuona mbao za viwanja vinavyouzwa. Huwezi kununua tangazo la namna hiyo.

Ramani_Dar

Wakuu, nimefuatilia kimya kimya toka mwanzo. Mimi ni mpima ardhi Dar es Salaam. Nina jambo la kitaalamu: kama Metropolitan ilipata faida kwa kushika ardhi pamoja na reli, kwa nini kampuni nyingine za London hazikuiga? Na ile ardhi iliishia kwa nani? Huku kwetu, reli inapotangazwa tu bei ya viwanja vya jirani inapanda kabla mhandisi hajafika, na faida yote inabaki kwa aliyewahi kununua.

Mzee_Pinner

Ndugu yangu mpima, umegusa penyewe. Hazikuiga kwa sababu sheria ya 1845 iliendelea kuzifunga. Kampuni za reli kusini mwa London zilitia umeme njia nyingi sana kati ya vita viwili, na viunga vikachipuka kila penye stesheni, lakini faida ya ardhi ilikwenda kwa wajenzi binafsi na wenye mashamba. Reli ilibaki na nauli. Nyingine zilijaribu njia ndogo zaidi: London and North Western, tangu karne ya 19, iliwapa watu waliojenga nyumba za thamani fulani karibu na stesheni zake, Harrow ikiwa mojawapo, tiketi ya bure ya daraja la kwanza kwa miaka kadhaa. Ni sawa na kumlipa mtu aje awe jirani yako.

Kuhusu bei kupanda kabla ya mhandisi, hata hapa walaji wa namna hiyo walikuwepo. Tofauti ni kwamba pale Metropolitan ilipokuwa imeshika ardhi, sehemu ya kile kilichopandishwa na treni ilirudi kwa wenye treni, ikasaidia kulipia stesheni na njia za ziada. Sisemi ilikuwa haki kwa kila mtu. Wenye hisa ndio walionufaika, na mkulima aliyeuza mapema hakupata kitu pale shamba lake lilipogeuka barabara yenye nyumba 100. Lakini kama hesabu tu, ilisimama.

Halafu ikaja tarehe 1 Julai 1933. Serikali iliunganisha reli za chini ya ardhi, tramu na mabasi yote ya London chini ya bodi moja ya umma, Metropolitan ikiwemo, bila kutaka. Bodi ilichukua treni, stesheni na wafanyakazi. Kampuni ya ardhi haikuchukuliwa. Iliendelea kuuza viwanja kama biashara binafsi, na umma ukabeba gharama ya kuwasafirisha wanunuzi wake. Wakati huo huo Rayners Lane ilikuwa inafurika. Ukitaka ushahidi, BintiKorogwe, liangalie jengo la stesheni yako ukitoka kazini: lile boksi refu la matofali na vioo ni la 1938, miaka mitano baada ya muungano, na lilijengwa kwa fedha za bodi kwa sababu kile kituo cha mbao hakikuweza tena kubeba watu.

Mwaka huo huo wa 1938 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda ukanda wa kijani kuzunguka London, na mwaka uliofuata vita vikasimamisha ujenzi. Ndiyo maana ukipanda treni ya Amersham na kupita Moor Park unaanza kuona mashamba na misitu kati ya stesheni. Viwanja vilivyokuwa vimepangwa kule juu vingi havikujengwa kamwe. Kama ungekuwa na ramani za kampuni ya ardhi za miaka ile, Ramani_Dar, ungeona reli ilivyokuwa tayari kwa miji ambayo haikutokea.